Mapipa matatu, glasi moja: namna ya kuonja wiski ya Ayalandi iliyokaa kwenye miti tofauti

Mtu aliyelelewa kwa maziwa ya kibuyu hahitaji kufundishwa kwamba mti una ladha. Wakalenjin huchoma kijiti cha mti waliouchagua, hukisugua ndani ya kibuyu mpaka kuta ziwe nyeusi kwa mkaa, ndipo hutia maziwa ya mursik. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa mzeituni mwitu. Kule Moshi mbege haijawa mbege mpaka ipate uchungu wa gome la msesewe. Kwa hiyo ukishika chupa ya wiski ya Ayalandi iliyoandikwa kwamba imelala kwenye mapipa ya aina mbili au tatu, swali la kuanza nalo unalijua tangu utotoni. Ni lile ambalo bibi huuliza akionja maziwa: safari hii mmetumia mti gani?

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta mjini Dublin kwa miaka kadhaa. Nimewaona watu wakizimimina wiski hizi juu ya barafu na soda, wakazimeza, kisha wakaapa kwamba zote ni moja. Wamenyimwa nafasi tu ya kukaa nazo. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia nyumbani na marafiki zangu wa Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonja wiski kwa utulivu. Vifaa vyake vingi viko jikoni kwako tayari.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anakunywa. Kama dini yako, dawa unazotumia, mimba au usukani vinakukataza, nusu ya kwanza ya zoezi, ile ya visahani vya harufu, bado ni yako, na ina raha yake.

Jua kwanza kilichomo ndani ya glasi

Wiski ikitoka kwenye mtambo wa shaba ni nyeupe kama maji ya kisima. Ina harufu ya nafaka na matunda mabichi, na ni kali. Ili iitwe wiski ya Ayalandi, sheria inataka ilale kwenye mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, ndani ya kisiwa chenyewe, iwe upande wa Jamhuri au wa Ayalandi Kaskazini. Ikiingia kwenye chupa, kilevi kisipungue asilimia 40.

Neno la kushika hapo ni "mbao". Huko Uskoti sheria inataka mwaloni peke yake, basi. Ayalandi inautaja mwaloni kama mfano tu, na mlango ukabaki wazi kwa miti mingine. Ndiyo maana kiwanda cha Midleton, kaunti ya Cork, kilipoanzisha wiski zake za Method and Madness mwaka 2017, kiliweza kutoa moja iliyomalizia ukuaji wake kwenye mapipa ya mti wa chesnati kutoka Ufaransa. Baadaye zikaja za mcheri na za akasia. (Akasia ya watengeneza mapipa wa Ulaya si mgunga wetu. Ni mti mwingine, robinia, ulioazimwa jina.)

Hata hivyo chupa nyingi utakazokutana nazo ni za mwaloni mtupu. Zikisema "mapipa mchanganyiko" humaanisha mialoni ya nchi tofauti, au mapipa yaliyowahi kubeba vinywaji tofauti. Matatu kati yake ndiyo utakayoyakuta mara kwa mara.

Pipa la Bourbon ndilo mfanyakazi mkuu. Sheria ya Marekani inataka wiski ya Bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo wenyewe hawawezi kulitumia pipa lile lile mara ya pili kwa Bourbon. Hulitumia mara moja, kisha huliuza, na Waayalandi hununua kwa maelfu. Hubeba lita 200 hivi. Kwenye ziara za viwanda mara nyingi wageni hupewa kipande cha ubao wa pipa kuukuu wakishike. Ukikipata, kitazame kwa makini. Upande wa ndani ni mkaa mweusi uliopasuka vigae vigae kama ngozi ya mamba, na ukiupitishia kidole kinatoka na masizi. Chini ya mkaa kuna ukanda wa rangi nyekundu ya kahawia, mahali sukari za mti zilipoungua, na ukifuata ubavu wa ubao utaona mstari unaoonyesha wiski ilizama mpaka wapi. Baada ya hapo ni mti mweupe, kavu, kama umetoka kwa seremala jana. Ule ukanda mwekundu ndio duka la ladha. Moto unapovunja lignini, kile kinachoufanya mti uwe mgumu, hutoka vanilini, ile ile iliyomo kwenye vanila ya Uganda na ya Kagera. Mwaloni mweupe wa Marekani una pia laktoni nyingi, ambazo puani huwa nazi tupu.

Pipa la sheri linatoka Jerez, kusini mwa Hispania, na kwa kawaida ni kubwa, lita 500 hivi. Sheri ni mvinyo ulioongezewa kilevi, na ile iitwayo oloroso ni nyeusi nyeusi, yenye harufu ya njugu na matunda makavu. Mapipa haya hutengenezwa, hujazwa sheri yakae mpaka mti ushibe, kisha humwagwa na kupelekwa Ayalandi. Mengine ni ya mwaloni wa Marekani, mengine ya mwaloni wa Hispania wenye tanini zaidi, yaani kile kinachokausha ufizi. Huleta tende, tini, zabibu kavu, lozi, ganda la chungwa, na ukakasi.

La tatu ni pipa jipya, ambalo halijabeba chochote. Nguvu zake zote bado ziko ndani. Hutoa viungo, sukari iliyoungua, na harufu ya ubao uliotoka kupigwa randa. Mchanganyaji akilizidisha, chupa nzima inaonja karakana.

Yapo pia ya ramu, kama kwenye Teeling Small Batch ya Dublin, ya mvinyo wa Kireno wa Porto, ya Madeira, hata yaliyobeba bia nyeusi. Ukishajua haya matatu, hayo mengine utayatambua mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kulipa

Kuchanganya miti kuna njia mbili, na ladha zake hazifanani. Ya kwanza, wiski inagawanywa, kila sehemu inalala kwenye pipa lake, kisha zote zinamiminwa pamoja mwishoni. Ya pili, wiski yote inalala miaka kwenye pipa moja, halafu inahamishiwa pipa lingine kwa miezi michache au zaidi ili ipate mkono wa mwisho. Kwenye lebo ukiona neno "finish" au "finished", ni hii ya pili. Ukiona "triple cask" au maneno ya aina hiyo, mara nyingi ni ya kwanza, lakini soma na mgongo wa chupa, kwa sababu viwanda huandika kwa uhuru. Tofauti utaisikia: pipa la mkono wa mwisho hukaa juu juu, hukupokea mlangoni, lakini halina mizizi mirefu. Pipa la miaka yote huja taratibu na kuondoka taratibu.

Ikiwa kuna umri kwenye lebo, ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Isipoandikwa umri, jua tu kwamba haipungui miaka 3.

Hatua ya 2: Nunua tatu, au shirikianeni

Wiski ya mapipa mchanganyiko ukiionja peke yake, utasema ni nzuri au si nzuri, basi. Huwezi kujua nani alileta nini. Weka pembeni yake mbili za kulinganisha: moja iliyolelewa na Bourbon tu, na moja iliyoegemea sheri.

Mimi hutumia hizi. Kwa Bourbon tupu, Tyrconnell, wiski ya kimea cha shayiri iliyopewa jina la farasi wa mbio. Kwa sheri, Black Bush ya Bushmills, kaunti ya Antrim, ambayo ina kimea kwa wingi na hulala zaidi kwenye mapipa ya oloroso, ingawa ya Bourbon nayo yamo. Na ya mchanganyiko, Slane. Slane ni kijiji cha kaunti ya Meath, kando ya mto Boyne, na kiwanda chake kilifunguliwa mwaka 2017 kwenye mabanda ya zamani ya farasi ya kasri la hapo. Wiski yao hutumia mapipa matatu waziwazi: mapya, yaliyowahi kubeba wiski ya Marekani, na ya sheri ya oloroso. Kwa kujifunzia sijaona iliyo wazi kuliko hiyo, na bei yake si ya kutisha.

Kama uko Nairobi au Dar es Salaam na hukuzipata zote, Jameson ya kawaida itakufaa kuanzia, maana nayo ina mapipa ya Bourbon na ya sheri ndani yake. Iweke kando ya Jameson Black Barrel, ambayo imepitia mapipa ya Bourbon yaliyounguzwa mara ya pili. Hapo utaonja moto wenyewe unavyofanya kazi.

Watu wanne mkichangia chupa tatu, kila mmoja ataonja zote na zitabaki za siku nyingine.

Hatua ya 3: Panga visahani

Hii ndiyo hatua ambayo siiachi, na ndiyo wageni wangu huikumbuka. Kabla chupa haijafunguliwa, weka mezani visahani vidogo:

- nazi iliyokunwa ukaikaanga kavu mpaka ipate rangi, au kipande cha kashata
- kipande cha vanila, au matone mawili ya vanila ya kuokea juu ya pamba
- karafuu tatu au nne, zivunje vichwa kwa kucha
- tende moja iliyopasuliwa na zabibu kavu chache
- kijiti cha mdalasini
- sukari guru, kipande
- lozi au korosho za kukaanga
- ganda bichi la chungwa, likunje ili litoe mafuta
- kikombe kidogo cha chai ya rangi iliyokolea sana, ipoe

Chai hiyo ni ya kuonja, si ya kunusa. Itakukumbusha ukakasi, ule wa bibo au ndizi mbichi unaokausha ufizi. Tanini ya majani ya chai na tanini ya mwaloni hufanya kazi moja mdomoni.

Vitabu vya wiski vimejaa maneno ya bustani za Ulaya, matunda na maua ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika. Usiyaazime. Karafuu uliyoivunja sasa hivi hunukia hivyo kwa sababu ya eujenoli, na eujenoli imo pia ndani ya mwaloni wenyewe. Mtu wa Pemba akisema wiski hii ina karafuu, amesema jambo sahihi kuliko mtu anayerudia maneno ya lebo. Mara ya kwanza nilipopanga visahani hivi, dada mmoja kutoka Tanga alinusa glasi ya Bourbon tupu, akarudi kwenye kisahani cha nazi, akarudi kwenye glasi, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii ni kashata inayoungua kidogo pembeni ya sufuria." Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo kila nikinusa pipa la Bourbon lililounguzwa vizuri, naiona ile sufuria.

Hatua ya 4: Glasi, maji na hewa ya chumba

Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa. Ile ndogo ya mvinyo inatosha. Glasi pana iliyonyooka, ile ya kwenye sinema, humwaga harufu yote pembeni.

Ioshe, uisuuze kwa maji ya moto mengi, uiache ikauke yenyewe kichwa chini. Nasisitiza hili kwa sababu liliwahi kuniharibia jioni nzima: nilikausha glasi sita kwa kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya manukato, na kila wiski mezani ikanuka waridi. Wageni walikuwa wapole, lakini hakuna aliyeonja kitu siku ile.

Siku ya kuonja usipike pilau, usichome udi, usijipulize manukato. Usile pilipili wala kunywa kahawa saa moja kabla. Weka maji safi yasiyo baridi, mkate mkavu au biskuti zisizo na chumvi, na chombo cha kutemea. Kutema si ufedhuli. Ndivyo wanaofanya kazi hii wanavyofanya.

Mimina mililita 15 tu za kila wiski, yaani vijiko vitatu vya chai. Zote tatu zinakuwa mililita 45, juu kidogo ya toti moja ya baa za Ayalandi, ambayo ni mililita 35.5. Ziache dakika kumi zipumue. Barafu, hapana: baridi hufunga harufu, na harufu ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 5: Tazama, lakini usiihukumu kwa rangi

Inua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Sheri kwa kawaida huleta wekundu wa kahawia, Bourbon huleta dhahabu. Lakini kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa kunaruhusiwa, na viwanda vingi huongeza ili chupa zote zifanane. Endelea mbele.

Hatua ya 6: Nusa, kwa utaratibu

Anza na ile ya Bourbon tupu, kisha ya sheri, na ya mchanganyiko iwe ya mwisho. Usiutie pua ndani ya glasi kama unayenusa ua. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, kisha ipandishe polepole mpaka harufu ikufikie. Kilevi ni chepesi, hutangulia; kikikuchoma, shusha glasi, subiri, rudi. Pua ikichoka nusa ngozi ya mkono wako mwenyewe, hapo kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo harufu ambayo pua imeizoea kuliko zote, na huirudisha mahali pake.

Kwenye glasi ya kwanza tafuta vitu viwili tu: vanila na nazi. Nusa kisahani, nusa glasi. Usiendelee mpaka umevipata, hata kama ni kwa mbali.

Kwenye ya pili, tafuta tende au zabibu kavu, kisha njugu. Ganda la chungwa likija, vizuri, lisipokuja usilazimishe. Ukipata harufu ya kiberiti kilichowashwa, hujakosea: mapipa ya mvinyo hufukizwa kwa salfa ili yasioze, na mara nyingine alama yake hubaki.

Sasa ya tatu. Fumba macho. Jambo la kwanza litakalokuja ni mchanganyiko mzima, kama unavyoingia nyumba yenye harusi na kusikia sauti zote kwa pamoja. Usianze kuorodhesha. Pumua mara tatu, kisha jiulize swali moja: je, iko karibu na glasi ya kwanza au ya pili? Jibu hilo peke yake limeshakuambia pipa lipi lilipewa nafasi kubwa.

Hatua ya 7: Mdomoni, fuata wakati

Funda la kwanza ni la kuuamsha mdomo, usilihukumu. Meza au tema, subiri nusu dakika. Funda la pili, dogo kama kijiko cha chai, lizungushe mdomoni huku ukihesabu mpaka kumi.

Usihangaike kutafuta sehemu gani ya ulimi inahisi nini. Fuata kinachotangulia na kinachofuata. Kwenye wiski za mapipa mchanganyiko, utamu wa Bourbon mara nyingi ndio hufungua mlango: vanila, sukari guru, nazi. Katikati ndipo matunda makavu ya sheri yanapojaza. Mwishoni, baada ya kumeza, mti mpya hujitokeza kwa mdalasini na pilipili, na tanini hukausha ufizi kama ile chai. Hesabu ladha inakaa muda gani. Ikiisha kabla hujafika kumi, ni fupi. Ikiwa bado unaisikia unapomwambia mwenzako ulichoonja, ni ndefu.

Tahadhari moja: si kila kiungo kimetoka kwenye pipa. Waayalandi wana wiski yao ya chungu cha shaba inayochanganya shayiri iliyooteshwa kuwa kimea na shayiri isiyooteshwa, desturi iliyokolea baada ya kimea kutozwa kodi mwaka 1785. Shayiri hiyo isiyooteshwa huleta mafuta mdomoni na pilipili kama ya tangawizi, hata wiski ikiwa bado haijaona pipa. Redbreast ya miaka 12 kutoka Midleton, iliyolala kwenye Bourbon na sheri ya oloroso, ni ya namna hiyo. Ukiionja, usiupe mti sifa zote.

Hatua ya 8: Toa pipa moja baada ya lingine

Hapa ndipo visahani vinapolipa, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Pua huchoka na harufu inayoinusa mfululizo. Mtu anayeuza samaki sokoni haisikii shombo ikifika saa nne. Udhaifu huo tutautumia. Chukua kisahani cha vanila, kiweke karibu na pua, ukinuse mfululizo kwa nusu dakika nzima. Mara tu ukimaliza, nusa glasi ya mchanganyiko. Vanila itakuwa imefifia, na vilivyokuwa vimejificha nyuma yake vitasogea mbele: tende, njugu, ngozi ya kiatu kipya. Ni kama umelitoa pipa la Bourbon kwenye mchanganyiko ukaziacha sheri na mti mpya peke yake.

Pumzika dakika mbili, kunywa maji, nusa kiwiko. Kisha fanya hivyo hivyo kwa tende na zabibu kavu pamoja. Ukirudi kwenye glasi, sheri imerudi nyuma, na nazi inaonekana wazi, pamoja na ubao. Mara ya tatu, mdalasini na karafuu. Hapo utabaki na utamu mtupu, laini, na utaelewa viungo vilikuwa vinaubeba vipi.

Ukimaliza mizunguko hiyo mitatu, rudi kwenye wiski ikiwa nzima na ujiulize kama miti imeelewana. Mimi huangalia kama kuna pipa linalomfunika mwenzake. Sheri ikizidi, kila kitu kinakuwa zabibu, wiski inapoteza nafaka yake na unakunywa mvinyo mkali. Mti mpya ukizidi, unapata uchungu wa mwarobaini mwishoni na vumbi la mbao puani. Bourbon ikizidi, ni pipi. Kwenye mchanganyiko uliofanywa na mtu anayeijua kazi, kila pipa linafika kwa zamu yake, na kati ya moja na lingine bado unaisikia shayiri. Kwa maoni yangu shayiri hiyo ndiyo kipimo. Wiski ambayo mti umeifuta nafaka kabisa, hata iwe na mapipa matano, imeshindwa.

Hatua ya 9: Sasa tia maji

Nusu kijiko cha chai ndani ya zile mililita 15 hushusha kilevi cha asilimia 40 mpaka karibu 34. Ongeza kidogo kidogo, si yote mara moja, na unuse kila baada ya kuongeza. Makali yanapungua, na mara nyingi matunda hufunguka. Wiski za asilimia 46 hufaidika na maji zaidi. Ikiwa haikupozwa na kuchujwa kabla ya kutiwa kwenye chupa, inaweza kupata ukungu kidogo ndani ya glasi. Si kasoro. Ni mafuta yake yenyewe.

Kuna wiski zinazovunjika kwa maji, zikabaki na ukakasi tu. Ndiyo maana maji huja baada ya kuionja kavu.

Hatua ya 10: Andika

Mistari mitatu kwa kila glasi inatosha, kwa maneno yako, kabla ya kusikia ya wenzako. Mtu mmoja mezani akisema "chokoleti" kwa sauti, wote wataanza kuonja chokoleti.

Chupa iliyobaki

Isimamishe, usiilaze kama ya mvinyo, maana kilevi hula kizibo. Iweke mbali na jua. Ikifika chini ya nusu, imalizeni katika miezi michache ijayo, kwa kuwa hewa iliyojaa humo huanza kuzipunguza zile harufu za juu.

Asubuhi yake

Glasi usizioshe usiku. Ziache mezani, mkalale. Asubuhi kilevi kitakuwa kimeondoka chote, na chini ya kila glasi kumebaki alama kavu ya rangi ya asali. Nusa glasi ya Tyrconnell, kisha ya Black Bush, kisha ya Slane. Hakuna tena kinachochoma, umebaki na mti peke yake: hapa vanila iliyokauka, pale tende na ngozi, na kwenye ile ya tatu, ukisubiri, vyote viwili na masizi kidogo nyuma yake, kama kibuyu kilichosuguliwa mkaa kabla maziwa hayajatiwa.